Mashine Inatekenya: Mwongozo Kamili wa Kuunganisha na Kutia Ethi Mashine za Karakana

Karakana moja ya useremala jijini Dar es Salaam iliniita kwa sababu ya mashine ya randa. Mbele yake, sakafuni, palikuwa na kipande cha ubao mkavu, na kijana aliyekuwa akiranda alikikanyaga kila mara kabla ya kugusa mashine. Nikamuuliza ni cha nini.

“Inatekenya, fundi. Hasa asubuhi sakafu ikiwa na unyevu. Ukisimama kwenye ubao haina neno.”

Mwenye karakana hakuwa mzembe. Alishaita fundi, akachimbiwa fimbo mpya ya ethi (ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) na kuwekewa breka mpya ya ampea 32 (swichi inayojikata umeme ukizidi). Tena fundi yule alimthibitishia kwa taa: balbu ya wati 60 kati ya fezi (waya unaoleta umeme) na waya wa ethi, ikawaka vizuri. Fimbo ipo, breka ipo, taa imewaka, na mashine bado inatekenya. Hali hii nimeikuta mara nyingi mno, na inaua watu. Ndiyo maana naanza na hesabu kabla ya bisibisi.

Kwa nini breka haikushuka

Nilipima fimbo ile kwa kipimo cha ethi nikapata ukinzani wa omu 70 hivi. Si ajabu. Fimbo moja ya mita 1.2 kwenye udongo wa kawaida hutoa takribani kiasi hicho. Sasa chukua fezi iliyogusa moja kwa moja mwili wa mashine: volti 230 gawanya kwa 70, umeme unaokwenda ardhini ni kama ampea 3.3. Breka ya 32 haioni chochote hapo, maana ampea 3.3 ni chini hata ya mzigo mdogo wa kawaida. Itakaa juu siku nzima huku chuma cha mashine kikiwa na karibu volti 230.

Kwenye randa ile fezi haikugusa kabisa. Unga wa mbao wenye unyevu ulijaa kwenye kisanduku cha mota, umeme ukawa unavuja kama ampea 1. Ampea 1 kwenye omu 70 ni volti 70 juu ya chuma. Huko ndiko kutekenya. (Hata LUKU ilikuwa inaliwa: uvujaji huo hula karibu robo ya uniti kila saa mashine inapowashwa.)

Na ile taa? Balbu ya wati 60 hutaka kama robo ampea tu. Hata ethi mbovu ya omu 70 itaiwasha ukadhani ni nyutro (waya wa kurudishia umeme). Kipimo cha taa kinaonyesha kwamba waya haujakatika. Hakionyeshi kwamba ethi itakuokoa. Wenzangu mafundi, tuache kuwahakikishia watu maisha yao kwa balbu.

Kifaa kilichokosekana ni RCD, ambayo wengi bado tunaiita ELCB. Hii hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata ndani ya sehemu chache za kumi za sekunde. Kwa ethi ileile ya omu 70, uvujaji kama ule ukikua taratibu, RCD ingekata umeme kabla chuma hakijapanda hata volti 3. Kwa hiyo shika hili katika kazi yote inayofuata: mahali ambapo ethi ni fimbo yako mwenyewe, na karakana zetu nyingi ndivyo zilivyo, fimbo bila RCD haikulindi. Fimbo humpa umeme njia. RCD ndiyo inayokata.

Kabla ya kugusa waya

Kazi ya kwenye mita na sanduku kuu ni ya fundi mwenye leseni. Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA. Mwenye karakana usomaye hapa, hesabu na vipimo hivi vitakusaidia kumsimamia fundi na kukagua kazi yake, hata kama hutashika koleo.

Zima mein swichi. Ifunge kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Kama hakuna pa kuweka kufuli, toa fyuzi ukae nazo. Tundika kibao: USIWASHE, MTU YUPO KAZINI. Halafu thibitisha kwamba umeme haupo kwa kipimo chenye ncha mbili: kijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, pima pale unapofanyia kazi (fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, fezi kwa ethi), kisha rudi ukijaribu tena kwenye ile soketi. Tesita ya bisibisi yenye taa isikutoshe. Ukiwa umevaa viatu vikavu juu ya ubao inaweza isiwake huku waya una umeme.

Hatua ya 1: Soma kibati cha mota

Kibati kidogo cha chuma kwenye mota kina karibu majibu yote. Umeme wetu ni volti 230 kwa fezi moja, volti 400 kwa fezi tatu, hezi 50.

Kwenye mota ya fezi tatu tafuta alama za pembetatu na nyota. Kibati kikisema 230/400, hapa kwetu mota hiyo hufungwa nyota. Kikisema 400/690, hufungwa pembetatu. Wanaoikosea ya kwanza wakaifunga pembetatu huichoma siku hiyohiyo. Wanaoikosea ya pili hulalamika mota haina nguvu, hawajui kwa nini.

Mashine za mtumba zinahitaji jicho zaidi. Kutoka Marekani zinaweza kuwa za volti 120 na hezi 60, kutoka Japani volti 100 au 200, na vifaa vya ujenzi vya Uingereza vyenye plagi ya njano ni vya volti 110. Transfoma inaweza kurekebisha volti lakini haigusi hezi: mota ya hezi 60 hapa itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na itapata joto zaidi.

Andika ampea za kibati kwenye daftari, maana utazitumia mara tatu. Kama zimefutika, kisia hivi: mota ya HP 3 (kilowati 2.2) ya fezi moja hula kama ampea 14 hadi 15, ya HP 7.5 (kilowati 5.5) ya fezi tatu hula kama 11.

Hatua ya 2: Chagua waya

Kwa waya wa shaba ndani ya paipu ukutani, fezi moja, viwango vya kawaida ni hivi: milimita za mraba 1.5 hubeba ampea 17, 2.5 hubeba 24, 4 hubeba 32, 6 hubeba 41. Kwa fezi tatu punguza kidogo: 2.5 hubeba 21, 4 hubeba 28, 6 hubeba 36. Lakini hizo ni kwa hewa ya nyuzi 30. Chini ya paa la mabati lisilo na dari, mchana wa Januari, joto huzidi hapo. Kwa nyuzi 40 zidisha kwa 0.87. Waya wa 2.5 uliokuwa wa ampea 24 sasa ni wa 21.

Umbali nao una lake. Mota ile ya ampea 15 ikiwa mita 40 kutoka kwenye sanduku la breka kwa waya wa 2.5, inapoteza karibu volti 11 ikiwa inazunguka. Wakati wa kuanza, inapovuta mara 6 ya hapo, inaweza kupoteza zaidi ya volti 50. Utasikia inanguruma bila kuzunguka, na taa za jirani zinafifia. Hapo weka waya wa 6.

Waya mwembamba wa spika au wa taa hauna kazi kwenye mashine. Na ekstensheni ya kuzungusha, ikunjue yote kabla ya kuitumia, maana iliyokunjwa hujipika yenyewe.

Hatua ya 3: Usiamini rangi

Mtego huu unastahili aya yake. Kwa mfumo mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro ni bluu, ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Kwa mfumo wa zamani, ambao bado umejaa kwenye kuta zetu, fezi ni nyekundu, njano na bluu, na nyutro ni nyeusi. Ona: bluu ya zamani ni fezi, bluu mpya ni nyutro. Nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi mpya ni fezi.

Na mashine kutoka China mara nyingi hutumia njano, kijani na nyekundu kwa fezi. Kijani kitupu humo ndani kinaweza kuwa fezi ya pili! Fundi anayekiona akadhani ni ethi, akakifunga kwenye mwili wa mashine, ameiwasha mashine nzima. Fuata waya mpaka kwenye skrubu yake, pima kwa multimita, kisha funga utepe wa rangi sahihi.

Hatua ya 4: Zika fimbo ya ethi

Tumia fimbo iliyopakwa shaba ya unene wa milimita 16. Nondo ya ujenzi hula kutu, na baada ya misimu michache ya mvua unabaki na waya uliofungwa kwenye kutu.

Chagua mahali penye unyevu nje ya ukuta. Mfinyanzi ni mzuri. Mchanga mkavu ni mbaya. Kwenda chini zaidi kuna faida kuliko kuweka fimbo fupi nyingi: ukiunga ya pili juu ya ya kwanza hadi mita 2.4, ile omu 70 hushuka hadi kama 40. Ukikuta mwamba, weka ya pili pembeni, lakini umbali usiwe mfupi kuliko urefu wa fimbo iliyozikwa, la sivyo zinagombania udongo uleule. Chumvi usimwage, inakula shaba na mvua inaichukua.

Kichwa cha fimbo kikae kwenye kisima kidogo chenye mfuniko ili klampu ionekane na ikazwe. Waya wa kutoka hapo hadi kwenye sanduku la breka uwe wa shaba, 6 ukiwa ndani ya paipu, 16 wenye ganda la plastiki ukilala ardhini bila paipu. Pima kwa kipimo cha ethi, na ikiwezekana pima kiangazi, kwa sababu udongo ukikauka ukinzani hupanda. Juu ya omu 200 usikubali kabisa. Mimi hutafuta chini ya 50.

Bomba la maji lisiwe ethi yako. Leo ni la chuma, kesho fundi bomba anakata kipande na kuweka plastiki.

Hatua ya 5: Peleka ethi kwenye kila mashine

Kila mashine ipate waya wake wa ethi kutoka kwenye sanduku, unene sawa na fezi zake (hadi milimita 16 za mraba kanuni ni hiyo). Usiruke kutoka mwili wa mashine hii kwenda ile, kwani siku ya kwanza ikitolewa kwenda kutengenezwa, zilizo nyuma yake zote zimebaki yatima.

Kwenye mwili wa mashine kwangua rangi mpaka chuma king’ae, bana lagi ya duara (kichwa cha chuma chenye tundu) kwenye waya, weka washa yenye meno na nati mbili. Rangi ya mashine ni kizuizi cha umeme. Nimekuta ethi zilizofungwa kwa nguvu zote juu ya rangi, na hazifanyi kazi yoyote. Ndani ya kisanduku, uache waya wa ethi uwe mrefu kidogo kuliko fezi. Kebo ikivutwa na mtu akajikwaa, ethi iwe ya mwisho kung’oka.

Nguzo za chuma, bomba la maji na bomba la bati la kuvuta unga wa mbao nazo ziunganishwe na ethi kuu kwa waya wa 10.

Kuna tabia moja lazima niiseme kwa ukali. Fundi akikosa ethi, anaruka kutoka nyutro kwenda pini ya ethi ndani ya soketi. Mashine inafanya kazi, kila mtu anafurahi. Siku nyutro ikikatika, iwe ni kwenye nguzo au kwenye skrubu iliyolegea, volti 230 zote zinahamia kwenye chuma, bila kitu chochote kuungua na bila breka yoyote kushuka. Ukiikuta, itoe siku hiyohiyo.

Mashine ndogo zenye alama ya mraba ndani ya mraba, kama grainda nyingi, zina kinga mara mbili na waya mbili tu. Hazihitaji ethi, usiziongezee.

Hatua ya 6: Weka kinga

Kwanza RCD. Ya miliampea 30 kwenye soketi zote na kwenye mashine. Ukiweza, weka nyingine ya miliampea 100 yenye kuchelewa kwenye mein, ili kosa la mashine moja lisizime karakana yote. Kwa fezi tatu tumia ya pini nne, na ulete nyutro upande wa kuingilia hata kama mota haiihitaji, maana kwenye nyingi kitufe cha majaribio huitegemea. RCD ikishuka mara kwa mara, mara nyingi nyutro na ethi zimegusana mahali fulani mbele yake, au nyutro za sakiti mbili zimechanganywa. Tafuta kosa. Kuiondoa RCD kwa sababu inashuka ni kumfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele.

Pili breka. RCD za kawaida hazilindi waya dhidi ya kuzidiwa, hiyo ni kazi ya breka. Isizidi uwezo wa waya. Kwa mota chagua aina ya C. Aina ya B hushuka mota inapoanza, na watu huishia kuweka breka kubwa kupita waya.

Tatu, starta (kisanduku cha kuwashia mota) yenye kontakta, yaani swichi inayoshikiliwa na sumaku ya umeme. Kinga yake ya kuzidiwa iwekwe kwenye ampea za kibati. Faida yake kubwa kwetu, penye mgao wa umeme, ni kwamba umeme ukikatika kontakta inaachia, na ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe. Fikiria seremala anayetoa kipande kilichokwama kwenye msumeno wa duara wakati umeme umekatika. Mashine iliyofungwa kwa swichi ya ukutani itawaka yenyewe umeme ukirudi, na vidole vyake vipo humo. Kitufe chekundu cha kusimamisha kiwe kikubwa na kifikike bila kuinama juu ya meno.

Kwa plagi za pini tatu bapa: mwisho wake ni ampea 13, yaani kama kilowati 3. Fyuzi ya ndani isibadilishwe kwa msumari wala karatasi ya sigara. Na waya mbili zilizosokomezwa kwenye soketi kwa kijiti cha kiberiti maana yake ni mashine isiyo na ethi kabisa, hata kama umezika fimbo kumi nje.

Hatua ya 7: Pima kabla ya kuwasha

Umeme ukiwa bado umefungwa, pima kwa multimita kutoka kwenye mwili wa kila mashine hadi kwenye baa ya ethi ya sanduku. Isizidi omu 1. Kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500 pima kati ya waya za mota na mwili; chini ya megaomu 1 usiwashe. Randa ile ilisoma chini ya hapo sana. Tulifungua kisanduku, tukapuliza unga, tukaikausha, tukaweka glandi mpya (kibanio kinachoziba) kwenye tundu la kebo.

Kisha washa, bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, ishuke. Kitufe hicho hupima RCD tu, hakipimi fimbo, kwa hiyo hakichukui nafasi ya kipimo cha ethi. Mota ya fezi tatu igusie swichi kidogo uone inazunguka upande gani. Ikizunguka kinyume, zima, funga kufuli, badilisha fezi mbili tu. Jisu la randa likiwa limefungwa usijaribu mzunguko ukiwa umesimama mbele yake.

Kuchomelea na jenereta

Klampu ya kurudishia ya mashine ya kuchomelea ifungwe kwenye chuma kinachochomelewa, karibu na mahali pa kuchoma. Wakifunga kwenye nguzo ya jengo kwa uvivu wa kuvuta kebo, umeme wa mamia ya ampea hutafuta njia ya kurudi, na mara nyingine hupita kwenye waya wa ethi wa mashine nyingine na kuuchoma. Baadaye randa haina ethi na hakuna anayejua. Zile za kusokotwa mtaani, zenye koili wazi, zifungiwe kwenye sanduku la chuma lenye ethi, mbali na maji.

Jenereta iunganishwe kwa swichi ya kugeuzia tu, kamwe si kwa kebo yenye plagi pande zote mbili. Umeme wako ukirudi kwenye laini unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaunganishwa na ethi, na hapo RCD haina cha kuona. Fundi mwenye leseni aiunganishe kwenye jenereta yenyewe, halafu ajaribu RCD kwa umeme wa jenereta pia.

Baada ya hapo

Kila mwezi bonyeza kitufe cha RCD na uandike tarehe kwa kalamu kwenye mlango wa sanduku. Kila miezi michache puliza unga kwenye mota na sanduku, umeme ukiwa umezimwa, kaza skrubu, angalia klampu ya fimbo. Mara moja kwa mwaka, kiangazi, rudia kipimo cha ethi.

Mtu akishikwa na umeme usimshike. Zima mein. Usipoifikia, msukume kwa ubao mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Kama hapumui, mtu mmoja akimbilie usafiri na mwingine aanze kubonyeza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Wafundishe vijana hili kabla ya kuwafundisha kuranda.

Kwenye karakana ile tuliunga fimbo ya pili chini ya ardhi, tukaweka RCD na starta. Siku ya tatu RCD ikashuka: msumeno wa mkanda, ambao hakuna aliyewahi kuulalamikia, nao ulikuwa unavuja.